Mgomba Juu ya Kaburi Langu

Kaburi langu liko Butiama, nyuma ya jiko la mama, upande wa zizi. Lina msalaba wa saruji wenye jina langu lote, la ubatizo na la ukoo, limechorwa kwa msumari kabla saruji haijakauka. Aliyechora alianza kwa herufi kubwa mno, akaishiwa nafasi, kwa hiyo herufi za mwisho zimebanana pembeni. Nimefundisha falsafa chuo kikuu sehemu kubwa ya maisha yangu, na wanafunzi wanaponiuliza kwa nini utafiti wangu wote unazunguka swali moja, kwamba ni nini kinachomfanya mtu wa leo awe ndiye yuleyule wa jana, huwa nawajibu kwamba ni swali zuri. Habari za kaburi sijawahi kuwaambia.

Nilikuwa kijana nilipopelekwa ng'ambo kusomea uzamivu, nchi ya theluji. Katika mji ule tulikuwa wawili tu kutoka Mara, tukakaa chumba kimoja, tukapika ugali wa unga usio wa ugali. Mwenzangu alikuwa anasomea uhandisi. Majira ya baridi gari lilimgonga, akafa, na kwa kuwa kusafirisha mwili kulishindikana tukamzika hukohuko, mimi na watu wachache waliovaa makoti meusi. Siku zile hakukuwa na simu za mkononi. Habari ikasafiri kwa midomo ya watu: kijana wa Mara aliyekuwa anasoma kule amefariki. Ilipofika Musoma ilikuwa bado haina jina. Ilipofika Butiama ilikuwa na la kwangu.

Niliendelea kuandika barua kupitia sanduku la parokia. Ya kwanza iliyofika baada ya mimi kuzikwa ilisomwa kwa machozi, wakasema ni kawaida, barua ya marehemu huchelewa. Iliyofuata hawakutaka hata kuifungua.

Lakini msinielewe vibaya. Watu wa kwetu si wa kuamini kila linalosemwa stendi. Mama alikataa katakata kulia. Alisema hajaona mwili, hajaona nguo, hajaona mtu aliyeona. Uthibitisho ulikuja baadaye kidogo, na ulikuja na mtoto.

Mke wa kaka yangu alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na mtoto yule alikuwa analia bila kupumzika. Alikataa ziwa. Zahanati walimpima, hawakuona kitu. Kwetu mtoto wa namna hiyo haumwi, anatafuta jina. Yuko mmoja kati ya waliokufa anayetaka kuitwa tena, na mtoto hatatulia mpaka aitwe. Basi wazee hukaa, mtoto akawekwa mapajani, yakatajwa majina ya wafu wa ukoo moja baada ya jingine. Likitajwa lenyewe mtoto hunyamaza na kushika ziwa. Wakataja mababu. Wakataja mjomba aliyekufia vitani. Wakataja hata majina ya kike. Mtoto analia tu, sauti imeshakwaruza. Ndipo baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, akataja la kwangu.

Mtoto akanyamaza. Akageuza uso, akashika ziwa.

Wanasema hapo ndipo mama alipopiga ukunga, na kwamba ng'ombe zizini walisimama wote. Mimi nimefundisha mantiki. Nimewasahihisha vijana wengi walioruka hatua moja katika hoja zao. Hoja ya familia yangu nimeigeuza kila upande na sijaona iliporuka. Jina la aliye hai halimnyamazishi mtoto, na mtoto alinyamaza.

Mwili haukuwapo, wakazika mgomba. Ndivyo inavyofanyika: hukatwa shina la mgomba lenye urefu wa marehemu, likavikwa sanda, likalazwa kaburini, ili aliyepotea apate pa kulala asizurure. Urefu wangu walipimia kwa kaka. Katekista alisali, baba mdogo naye akafanya ya kwake pembeni. Kosa lilikuwa moja. Waliotumwa shambani walikuwa na huzuni na haraka, badala ya kukata shina tupu wakaung'oa mgomba na mzizi wake. Mvua za masika ziliponyesha, kaburi likachipua.

Mimi nilirudi sijui lolote kati ya hayo. Nilishuka Butiama saa sita mchana, jua kali, koti la baridi mkononi na begi begani. Mtu wa kwanza kukutana naye njiani alikuwa mama mmoja jirani yetu mwenye mzigo wa kuni kichwani. Aliponiona akautua polepole sana, bila kuniondolea macho.

"Huko ulikokuwa," akasema, "kuna baridi?"

Nikamwambia ipo, tena nyingi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa anabishana na wenzake na sasa amepata jibu. Akaenda zake, kuni akaziacha palepale njiani. Nilicheka. Nilikuwa na kiburi cha waliotoka kusoma, kila kitu cha nyumbani nilikiona cha kuchekesha.

Nyumbani mama alikuwa anapeta mtama. Aliniangalia kuanzia miguuni, akapanda taratibu mpaka usoni, ungo umesimama hewani. Sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kukutazama miguu kwanza ili aone kama inakanyaga chini. Kabla sijamfikia, baba mdogo alitoka na kusimama kati yetu.

"Huwezi kupita mlangoni," akasema. "Mlango umeshakuaga."

Nikadhani ni utani. Akanyoosha kidole upande wa zizi, nikaona msalaba, nikasoma jina, nikaona na mgomba umesimama juu yake, majani mapana yanacheza na upepo. Nakumbuka nilichokiwaza, na kinanichukiza mpaka leo: niliwaza kwamba herufi zimebanana.

Walibomoa tundu kwenye ukuta wa jiko. Kondoo akachinjwa, nikanyolewa kichwa, nikavuliwa viatu. Nilikuwa na shahada ya uzamivu ndani ya begi, mpya kabisa, nikatambaa kwa magoti kuingia nyumbani kwetu kupitia tundu, huku baba mdogo ananihimiza nisigeuke nyuma. Ndani mama alikuwa amekaa ananingoja. Akanipa maji. Akanitengea ugali na sato, akanishika mkono, akaugeuza akautazama kiganjani, akaufinya. Machozi yalikuwa yanamtoka. Nilingoja aniite. Alikuwa na namna yake ya kuniita tangu nikiwa mdogo, akiivuta silabi ya mwisho kana kwamba mimi niko mbali hata nikiwa nimesimama mbele yake, na usiku mwingi kule kwenye theluji nililala nikiikumbuka sauti hiyo.

"Kula, mgeni," akasema.

Mlangoni akasimama mtoto. Alikuwa ameshaanza kuongea vizuri, tumbo mbele, kidole mdomoni. Alinitazama bila woga, akamgeukia mama.

"Bibi, ndio mwenyewe huyu?"

Mama akamziba mdomo kwa kiganja. Jioni ile mtoto akaungua homa mpaka macho yakapinduka. Baba mdogo hakuniambia mengi. Alisimamisha pikapu iliyokuwa inapeleka mahindi Bunda, akanipakia juu ya magunia na begi langu. Asubuhi dereva yuleyule alinirudia Bunda na salamu za nyumbani: homa imeshuka. Ilishuka, akasema, kama vile mtu amefunga bomba, na walipohesabu wakaona ni wakati pikapu ilipoingia Bunda.

Nilikwenda Mugeta kwa shangazi yangu, dada yake baba, nikakaa zizini kwake nikiwa na hasira ya kutosha kuwasha moto. Malaria, nikamwambia. Homa ya mtoto mdogo inapanda na kushuka, kila muuguzi anajua. Shangazi alikuwa anakamua, hakugeuka.

"Ni kweli," akasema. "Inapandaga na kushuka. Wewe kaa huku."

Nilianza kazi chuoni. Baada ya muda nikaamua kufanya jaribio, maana ndivyo nilivyofundishwa: dai lisilopimwa si dai. Nilipanda basi bila kumwambia mtu yeyote, si chuoni, si shangazi. Nikashuka Butiama mchana kweupe. Mama alikuwa amesimama kando ya barabara, amembeba mtoto mgongoni ingawa alishapita umri wa kubebwa, amemfunga kwa kanga mbili.

"Tangu jana anasema unakuja," akasema. "Nenda Bunda. Kesho nitakufuata."

Kichwa cha mtoto kilikuwa kimelala begani kwake. Macho yalikuwa mekundu, yananitazama. Hayakuwa na chuki. Yalikuwa macho ya mtu aliyeazima kitu chako akakikuta kinamfaa, na sasa amekuona unakuja. Nilivuka barabara nikapanda basi la kurudi, mimi mwalimu wa mantiki, na sikuomba hata maji ya kunywa.

Kesho yake mama alikuja Bunda kweli. Tulikaa kwenye mgahawa karibu na stendi, chai na chapati mbele yetu, watu wanapita na mizigo. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Sikutaka kuzunguka.

"Mama, niite," nikamwambia. "Hapa ni Bunda, mtoto yuko mbali. Niite jina langu, mara moja tu."

Alikunywa chai kwanza.

"Jina yako iko na mtu," akasema. "Nikikuita wewe, ukaitika, yule atabaki na nini? Atarudia kulia. Na safari hii majina yameisha, tulishayamaliza yote."

"Mama, mimi ndiye mwanao. Niko hai. Mliambiwa uongo."

"Najua uko hai, nimekugusa mkono. Sijasema umekufa." Alikuwa anaikata chapati vipande vidogo na kuviweka upande wangu, kama alivyofanya nikiwa mdogo. "Wewe ulikaaga huko miaka yote bila sisi kukuita, ukaishi. Ukanenepa na kunenepa. Yule hakuwezaga kukaa hata wiki bila hiyo jina. Sasa niambie wewe msomi, nimnyang'anye nani?"

Nimesimama mbele ya majopo ya watu wenye vichwa vikubwa na kutetea tasnifu yangu. Nimejibu maswali ya hila yaliyotungwa ili nianguke. Swali la mama kwenye mgahawa wa Bunda sijapata kulijibu.

"Na sikia," akaongeza. "Uzee unakujaga na usahaulifu. Siku nikijisahau nikakuita, usiitike. Hata nikikuita mara ngapi. Niahidi."

Nikaahidi, kwa hasira, ili yaishe. Akafuta mikono, akasema basi lake linajaza.

Basi nikarudi kazini, na hapo ndipo ilipoanza hiyo inayoitwa kazi yangu ya utaalamu. Makala zangu za mwanzo zilidai kwamba mtu ni kumbukumbu zake. Ukikumbuka harufu ya zizi la kwenu na jinsi maziwa yalivyoungua siku fulani, basi wewe ni wewe, hata dunia nzima ikatae. Niliziandika nikiwa na hasira, na hasira huandika vizuri, nikapandishwa cheo. Baadaye nikaingia kwenye suala la ushuhuda: watu wengi waaminifu, wenye sababu nzuri, wanaweza kukubaliana juu ya jambo lisilo kweli, na je, anayelijua lililo kweli peke yake afanyeje? Nikapanda tena. Nilipozeeka kidogo nikaandika kwamba huenda mtu haanzi ndani yake mwenyewe, anaanza pale anapoitwa na kuitika. Kwenye mikutano walisema nina ujasiri wa mawazo. Nilikuwa na hamu ya mama tu.

Kuna jambo moja wenzangu waligundua, wakalifanyia utani. Nikiitwa kwa jina huwa nachelewa kugeuka. Mtu aniite kwenye korido, nitapiga hatua mbili tatu kwanza. Walidhani ni mawazo ya kifalsafa. Ukweli ni kwamba sikioni kwangu jina lile lilikuwa linapita kwa mwingine kwanza, nami nilikuwa nangoja nione kama ataitika.

Na siku moja aliitika. Ilikuwa siku ya mhadhara wangu wa uprofesa, ukumbi umejaa, majoho yametuchemsha. Mwongoza shughuli akasoma jina langu kwa madaha, na kabla sijainuka, sauti nene ikajibu kutoka viti vya nyuma kabisa: "Naam." Watu wakageuka. Alikuwa amesimama kijana mrefu, mabega mapana, begi la dagaa kati ya miguu yake, anacheka. Ukumbi mzima ukacheka naye. Mimi mhadhara ule niliusoma bila kusikia nilichokuwa nasema.

Alikuwa amesafiri kutoka Musoma kuja kunipongeza, hakuna aliyemtuma. Homa zilikuwa zimemwacha alipoanza kuota ndevu. Baba yake, kaka yangu, alikuwa ameshafariki, na yeye alikuwa ameanza biashara pale Mwigobero, ananunua dagaa kwa wavuvi wa vijiji vya ziwani kwa mtumbwi wake wa injini na kuwauzia wachuuzi mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Aliniita wajina. Hakuniita baba mdogo hata siku moja. Nilikuwa tayari kumchukia, nikashindwa. Alikuwa mtu wa kucheka, anacheka kwa mwili wote, na alinipenda bila kuniuliza kama nataka.

"Wajina, usiogope," alikuwa ananiambia. "Mimi ndio mzimu wako. Mzimu ananenepa, wewe una wasiwasi gani?"

Ndizi za juu ya kaburi hakuna aliyekuwa anazila Butiama. Ziliiva zikaanguka, na hata mbuzi walizikwepa. Yeye peke yake alikuwa anazila, amekaa kwenye ukingo wa saruji, maganda anatupa zizini. Mara ya kwanza nilipomwona niligeuza uso. Akanikatia moja akaninyooshea.

"Tamu sana, wajina," akasema. "Wewe uko mtamu."

Kwa sababu yake nilianza kurudi Mara mara kwa mara. Nilifikia Musoma, nyumba ya wageni karibu na mwalo, Butiama nikagusa kwa nusu siku na kuondoka. Nilikuwa nakusanya habari kwa ajili ya kitabu changu cha mwisho, juu ya watoto wanaolia na majina yanayowanyamazisha. Kina mama wanaoanika dagaa Mwigobero walinisimulia kila kitu huku wakigeuza dagaa wao mchangani. Mmoja aliniambia wa kwake alinyamaza kwa jina la bibi aliyekufa akimdai mtu kanga, na msichana yule mpaka leo hapiti mbele ya duka la vitambaa bila kununa. Nilicheka nao, nikaandika. Kuhusu jina la mtu aliye hai sikuwauliza. Sikutaka kusikia jibu.

Siku hizohizo wajina alinifundisha sheria moja ya ziwani. Ukiwa majini ukasikia unaitwa, na humwoni anayekuita, hutakiwi kuitika. Unainamisha kichwa unaendelea na kazi. Nikamuuliza ni nani huwa anaita. Akainua mabega, akasema wanaojua ni wale walioitika.

Mwaka huu alinipigia simu. Bibi ameanguka uani, akasema, hajavunjika, ila hainuki tena, na maneno yake yanaanza kupotea. Nilishastaafu, nafundisha kwa mkataba, sikuwa na wa kuniuliza. Nikaja. Baba mdogo alishakufa, tundu la jikoni lilishazibwa kwa tofali, na safari hii hakuna aliyenizuia mlangoni. Nilipita mlangoni kwetu kwa mara ya kwanza tangu nikiwa kijana. Nilisimama ndani nikiwa nimeshika fremu, mtu mzima na mvi zangu.

Mama alikuwa amekuwa mdogo sana kitandani. Macho yalikuwa na ukungu. Nilimlisha uji, nikamgeuza, nikamkalisha kwenye mito akitazama dirisha la nyuma ambako mgomba ulijaza dirisha lote kwa kijani. Aliniita mgeni, akanishukuru kila nilichofanya, na siku nyingine akaniuliza kwetu ni wapi. Nilimwambia Mugeta. Niliogopa kusema ni hapa.

Siku ile wajina alikuwa ameondoka alfajiri kwenda vijiji vya ziwani kuchukua dagaa. Mchana upepo ukaanza. Butiama hakuna ziwa, lakini upepo wa ziwani tunaujua, unakuja na mawingu ya chini na mabati yanaanza kugongana. Nilimpigia. Simu haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Nikampigia mchuuzi mmoja wa Mwigobero ninayemfahamu, akaniambia mitumbwi imerudi yote ila wa kwake, na wameshaanza kusimama mwaloni kutazama. Nilirudi chumbani nikakaa kwenye kigoda kando ya kitanda, simu mkononi. Nje majani ya mgomba yalikuwa yanapasuka kwa upepo, yanapiga dirisha.

Mama akafumbua macho. Ukungu ulikuwa umeondoka. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo, macho yalikuwa meusi na safi, kama yalivyokuwa nikiwa natoka shule. Alinitazama usoni moja kwa moja, si miguuni.

Akaniita.

Aliniita kwa jina langu, akaivuta silabi ya mwisho. Wajina mama hakuwahi kumwita vile, akimwita yeye jina alikuwa analikata fupi. Ile ilikuwa sauti yangu mimi, niliyolala nikiikumbuka kwenye theluji, niliyoiandikia makala zote zile. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Sauti ilikuwa imeshafika kooni.

Nimeandika kwa miaka yote hiyo kwamba jina ni sauti tu mpaka lipewe maana na mtu. Nimewafelisha wanafunzi walioandika kinyume bila ushahidi. Na pale nimekaa kwenye kigoda, mtumbwi wa yule kijana haujaonekana, na upepo uko vile, sikuwa na hoja hata moja. Niliona tu kichwa cha mtoto kimelala begani, macho mekundu yananitazama. Nikashika ubao wa kitanda kwa mikono miwili, nikauma meno.

Akaniita mara ya pili, kwa upole zaidi, kama mtu anayeelewa kwamba uko mbali.

"Umekawia," akasema. "Huko kuna baridi?"

Sikujibu. Machozi yalikuwa yananiingia mdomoni na sikujibu. Mama alingoja. Nilimwona anangoja, uso umeinuka kidogo, sikio limegeuzwa. Kisha taratibu ukungu ukarudi. Akageukia ukutani.

"Bado hajafika," akamwambia mtu ambaye mimi sikumwona.

Akalala. Upepo ulitulia muda mfupi baadaye, nikasikia kuku wanatoka chini ya ghala. Nilipomgusa kumfunika shuka, mkono ulikuwa umeshaanza kupoa.

Sikuwaita majirani mara moja. Nilimfunga kidevu kwa kitambaa, nikamnyoosha miguu, nikatoka nje. Jua lilikuwa linaelekea kuzama niliposikia pikipiki. Wajina alishuka kabla haijasimama sawasawa. Nguo zilikuwa zimemkaukia mwilini, nywele zina mchanga. Hakuwa anacheka.

"Injini ilizima katikati," akasema. "Maji yakaingia, dagaa wote nikawamwaga. Tulishasema basi. Halafu nikasikia mtu ananiita, wajina. Juu ya maji, mara mbili. Nikainamisha kichwa, sikuitika. Mara upepo ukakata." Alifuta uso kwa kiganja. "Ilikuwa sauti ninayoijua. Ila jina ilitamkwa tofauti. Ilivutwa. Ni nani alikuwa ananiita?"

Alikuwa ananitazama kwa macho yaleyale ya kando ya barabara. Ningeweza kumwambia. Jina lile lilikuwa langu, na aliyelitamka alilitamka kwangu, na hakuna mwingine duniani aliyebaki wa kulitamka vile.

"Ni bibi yako," nikasema. "Alikuita."

"Mimi?"

"Wewe. Kabla hajaondoka."

Akaelewa. Mabega yakamshuka. Akavua viatu mlangoni, akaingia, nikasikia magoti yake yanagusa sakafu. Halafu nikamsikia anaitika, kwa sauti nene ileile ya ukumbini, naam bibi, naam, nimefika. Mimi nilizunguka nyuma ya jiko, nikakaa kwenye ukingo wa saruji, msalaba ukiwa mgongoni kwangu, nikangoja amalize.